Kuunadi Mji wa Jinja

Waswahili husema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Methali hii ilinisumbua sana muhula uliopita, mhadhiri wetu alipotupa zoezi la kuandika kipeperushi cha kuunadi mji wa nyumbani kwa wafanyabiashara wa Kenya, Tanzania na Kongo. Wenzangu wengi waliandika juu ya Kampala. Mimi ni mzaliwa wa Jinja, nikaandika juu ya Jinja.

Mwanzo haukuwa mgumu. Jinja iko kilomita 80 hivi mashariki mwa Kampala, pale Mto Nile unapotoka ziwani. Umeme uko mlangoni, kwani bwawa la Owen Falls lilifunguliwa mwaka 1954. Daraja jipya juu ya Nile lilifunguliwa mwaka 2018, na tarehe 1 Julai 2020 mji wetu ukapewa hadhi ya jiji. Nikawaongeza watalii wanaoteremka mtoni kwa mashua za mpira, nikamalizia kwa maneno makubwa: "Karibuni Jinja, jiji lenye kila kitu."

Likizo ilipofika nikamsomea babu. Babu anaishi Walukuba, mtaa uliojengwa wakati wa ukoloni kwa ajili ya wafanyakazi. Alitoka magharibi mwa Kenya akiwa kijana, akaajiriwa katika kiwanda cha nguo. Majirani zake walikuwa Wasoga, Wajaluo, Waluhya, Waacholi, na lugha iliyowatosha wote ilikuwa Kiswahili. Hata mimi Kiswahili nilikianzia uani kwake, si darasani. (Nikisema hivyo Kampala watu hunitazama kwa mashaka, maana kwa wengi wao hii bado ni lugha ya wanajeshi.)

Alisikiliza hadi mwisho, kisha akacheka.

"Mjukuu wangu, sisi hatukuitwa na karatasi. Ndugu yangu alipata kazi, akatuma habari nyumbani. Nami nikapata, nikamwita mwingine. Basi mtaa ukajaa."

Halafu akanieleza jinsi ulivyopungua. Mwaka 1972 Idi Amin aliwapa Waasia siku 90 waondoke. Waliokuwa wakiendesha viwanda na maduka wakaenda zao; majina yao na miaka ya ujenzi bado yanasomeka juu ya maduka ya barabara kuu. Vipuri vikaadimika. Zamu ya usiku ikafutwa, baadaye na ya mchana ikawa ya kusuasua. Babu anasema hakufukuzwa kazi, bali kazi ndiyo iliyomwacha.

Nilikaa na kipeperushi changu mkononi. Mto ulikuwepo mwaka ule, umeme ulikuwepo, barabara ya Kampala ilikuwepo, na bado watu walihama. Basi nilikuwa nimeorodhesha nini? Hata maporomoko ninayowaringia watalii hayana hakika. Ya Ripon yalizama kwa bwawa la kwanza. Ya Bujagali, ambayo mama alinipeleka kuyaona nikiwa mdogo, yamefunikwa na maji ya bwawa lililokamilika mwaka 2012. Umeme tumepata, sikatai, ila siwezi kuwauzia watu maporomoko na bwawa kwa pamoja.

Nikaandika upya. Safari hii nilianza na mafundi: wazee waliojifunzia ufundi viwandani na ambao leo wanatengeneza mashine chini ya miti, pamoja na vijana wanaowashikia spana. Nikaandika kwamba pango la duka ni nafuu kuliko Kampala. Nikaandika pia kwamba mfanyabiashara kutoka Kisumu au Mwanza akifika Walukuba hatahitaji mkalimani. Mhadhiri aliandika pembeni kwamba hayo ya mkalimani hakuwa ameyasoma kwa mwanafunzi yeyote. Kaulimbiu ya "kila kitu" niliifuta, na sikuweka nyingine.

Lakini babu alikuwa na swali la pili, nalo halikuwa la zoezi. "Na wewe ukimaliza chuo, utarudi kukaa hapa?"

Nilisema tutaona. Sikumwambia kwamba nimekwisha kuulizia chumba Kampala. Nadhani anajua. Siku hizi nikimpigia simu Jumapili, kabla hata ya kuniuliza hali yangu, hunipa habari za nyumba ya jirani: bado iko tupu, bati limebadilishwa, na mwenye nyumba amekubali kupunguza kodi.