Ngeli za Mirathi

Mirathi ni mkusanyiko wa vitu visivyofanana. Shemeji yangu alipofariki huko Bariadi, makao makuu ya Mkoa wa Simiyu ulioundwa mwaka 2012, aliacha ng'ombe, plau, shamba la pamba, redio, nyumba ya bati, na deni. Mpwa wangu, aliyesomea kompyuta, alitaka kuyaandika yote hayo katika orodha moja ili ndugu wagawane bila ugomvi. Alitumia Haskell, lugha ya programu iliyotangazwa mwaka 1990, ambayo hukagua aina ya kila kitu kabla kazi haijaanza. Orodha yake yataka vitu vya aina moja: namba kwa namba, maneno kwa maneno. Alipoweka ng'ombe na deni pamoja, ilikataa.

"Mjomba," aliniuliza, "nigeuze vyote kuwa shilingi?"

Swali hilo, msomaji, si dogo. Ng'ombe aliyegeuzwa shilingi hazai, hana rangi, wala hakumbukwi kuwa aliletwa kwa mahari ya binti gani. Na katika mji wa Msukuma hayo ni nusu ya thamani yake. Orodha ingekubaliwa mara moja, lakini mtamba mwenye mimba angekuwa ndugu wa redio.

Mimi ni mwalimu wa Kiswahili, si wa kompyuta, lakini tabu hiyo naijua. Ni tabu ya ngeli. Kisu kimepotea, shoka limepotea, nguo imepotea. Vyote pamoja vimepotea. Kiambishi hicho cha vi- ni gunia: hupokea kitu cha ngeli yoyote, ila ukishakitia humo huwezi kukisema zaidi ya yale yanayovihusu vyote. Ama mtu na jembe lake, ulimi husita: wamepotea au vimepotea? Msemaji hodari huipindua sentensi, akasema mtu amepotea pamoja na jembe lake. Sarufi nayo hukataa.

Haskell ina gunia lake pia. Waweza kuficha aina ya kila kitu na kubakiza ahadi moja tu, mathalani kwamba chaweza kutaja bei yake. Wapo hata wataalamu, Kiselyov, Lämmel na Schupke, walioonyesha mwaka 2004 orodha inayokumbuka aina ya kila nafasi. Ni kazi ya ajabu, lakini ni nzito mno kwa zizi la ng'ombe. Njia niliyoipenda ni ya katikati: kuunda aina moja iitwayo Mali, yenye matawi yaliyotajwa waziwazi. Ng'ombe huingia na umri na jinsia yake, shamba na eka zake, deni na mdai wake. Atakayeigusa orodha hiyo hana budi kueleza atafanya nini kwa kila tawi, na akilisahau moja, kikaguzi chaweza kuamriwa kimwonye.

Nililitetea jambo hilo kwa sababu ya deni. Ndani ya gunia la bei, deni ni namba miongoni mwa namba. Penye tawi lake, hakuna mrithi atakayefika kwenye ng'ombe bila kukutana nalo.

Siku ya kikao, baba yake mkubwa aliuliza ndama aliye tumboni ameandikwa wapi. Mpwa wangu akaongeza tawi, na kikaguzi kikamwonyesha mahali patatu pa kurekebisha.