Kikapu cha bei ya chini

Siku chache kabla ya sikukuu yetu ya tarehe 8 Mwezi wa Tatu, nilienda Baraka. Katika duka moja la vinywaji niliona kikapu kizuri chenye chokoleti, chupa ya divai na utepe mwekundu. Bei ya dolari 25 ilifutwa kwa kalamu, ikaandikwa 10. Nikawaza, "Nimeokoa dolari 15!" Nikatoa pesa ya likelemba niliyowekea viatu vya shule vya mtoto wangu, nikamnunulia mama.

Nikarudi Nundu kwa pikipiki. Tulipofungua, chokoleti ilikuwa na madoa meupe. Hayo si sumu: mafuta ya kakao huyeyuka karibu na digrii 34, kisha hupanda juu yakiganda tena. Basi iliyeyuka zamani, mle mle dukani. Na tarehe ya kuisha ilikuwa imepita tangu Mwezi wa Kwanza. Divai nayo, mama hanywi.

Mama akaniuliza polepole, "Binti yangu, hizi dolari 10 zilikuwa za nini?" Nikanyamaza. Kesho yake aliuza ndagala zake sokoni, akamnunulia mjukuu viatu.

Mimi ndiye ninayefundisha watoto wa watu kutoa na kujumlisha! Sikuokoa 15; nilipoteza 10, na mama ndiye aliyelipa. Siku hizi, nikiona bei imeshushwa, nasoma tarehe kwanza, halafu najiuliza: pesa hii ilikuwa ya nani?