Hesabu Zetu Zipo, Tena ni za Bure

Binti ya kaka yangu anasomea shahada ya uzamili, na mwaka jana alikaribia kuitupa tasnifu yake. Alitaka kulinganisha elimu ya wasichana wa pande mbili za mto Suam: upande wetu wa Trans Nzoia, na upande wa Uganda ambako tuna wajomba na mashemeji. Kuzuru nyumba kwa nyumba kulihitaji pesa ambazo baba yake hana. Kisha akatokea mtu wa kumuuzia data kwa shilingi 30,000.

"Shangazi, nibadilishe mada?" akaniuliza.

Nilimwambia asibadilishe, wala asitoe hata ndururu. Karani wa sensa alipobisha hodi kwetu Agosti 2019, tulimtajia watoto, mifugo, maji na taa tunayotumia, naye hakutulipa kitu. Iweje mtoto wetu auziwe tulichokitoa bure?

Msomaji mwenye mwana chuoni amweleze haya. Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani, kina hazina iitwayo IPUMS International, inayohifadhi sampuli za sensa za nchi nyingi. Kenya imo tangu sensa ya 1969; sampuli ya 1999 ni asilimia 5 ya watu, ya 2009 ni asilimia 10. Uganda nayo imo, kwa sensa za 1991, 2002 na 2014. Uzuri wake ni kwamba wataalamu wamekwisha kuyapa majibu ya nchi zote namba za aina moja, hivyo msichana aliyemaliza shule ya msingi Kenya na mwenzake wa Uganda wanapimwa kwa mizani ile ile. Mtafiti hujiandikisha, hueleza anachochunguza, na huahidi kutowagawia wengine data wala kujaribu kumtambua mtu. Akikubaliwa, huchagua maswali anayoyataka. Halipi chochote.

Kwa habari za uzazi na afya ya watoto kuna tafiti za demografia na afya, ambazo Kenya ilianza mwaka 1989. Ule wa 2022 ulifikia nyumba takriban 38,000. Mpango wa kimataifa wa DHS uliokuwa ukizihifadhi ulitegemea fedha za serikali ya Marekani, nazo zikakatwa mapema mwaka 2025. Kwa hivyo mwanafunzi asitegemee ghala moja. Abishe pia kwa shirika letu la takwimu, KNBS, kwa wenzao wa Uganda, UBOS, na katika maktaba ya data ya Benki ya Dunia.

Lakini kuna mambo mawili ya kujihadhari nayo. Kwanza, kijiji cha Suam chenyewe hutakiona. Majina yameondolewa, sehemu zenye watu wachache zimefichwa, na katika tafiti za DHS nukta ya kijiji husogezwa makusudi, aghalabu hadi kilomita 5. Ni haki iwe hivyo, kwani mama aliyetaja watoto aliowazika alisema kwa siri.

Pili, mipaka huhama. Katika miaka ya 1990 Mlima Elgon ilimegwa kutoka Bungoma ikawa wilaya. Leo imo tena ndani ya Kaunti ya Bungoma. Ng'ambo, Bukwo ilitolewa Kapchorwa baada ya sensa ya 2002. Asiyejua hayo atadhani watu wamehama usiku, kumbe ni ramani iliyochorwa upya.

Mto Suam umetutenga kwa serikali mbili na sensa mbili, ingawa sokoni twasalimiana kwa lugha moja. Mtu akitaka kujua kwa nini msichana wa ng'ambo hii anabaki shuleni na wa ng'ambo ile anaachia njiani, au kinyume chake, majibu ya mama zao yamekwisha kuandikwa. Yanangoja mtoto wa hapa hapa ayasome, maana yeye ndiye anayejua maana yake.