Nilimwambia Kauziwa Dawa Bandia

Utingo yule alishuka kwenye lori la kutoka Mwanza ana homa na kikohozi, wenzake wakamleta zahanati ninakofanya kazi, hapa Singida Mjini. Mimi ni mtu wa maabara, ingawa wagonjwa huniita dokta na sijawahi kuwakataza. Nikamtoboa kidole, nikadondosha damu kwenye kipimo cha haraka cha malaria, tukasubiri dakika 15.

Wakati wa kusubiri nilikuwa na hadithi yangu. Mstari mwekundu utakaouona hapa, huwaambia wagonjwa, ni dhahabu. Si utani. Ndani ya kipimo mna chembe za dhahabu zenye upana wa nanomita 40 hivi. Igawe milimita moja mara milioni, uchukue vipande 40. Dhahabu ikiwa ndogo kiasi hicho hufyonza mwanga wa kijani, jicho likaona wekundu. Michael Faraday alieleza wekundu huo huko Uingereza mwaka 1857. Chembe zimebandikwa kingamwili zinazonasa HRP2, protini ya vimelea vya malaria. Zikishanasa, hujazana mahali pamoja na mstari hujitokeza. Namalizia na Sekenke, kule Iramba, ambako Wajerumani walipata dhahabu ya kugongea sarafu za rupia 15 Tabora mwaka 1916. Watu hupenda. Mimi nilijipenda zaidi.

Mistari ikatoka miwili, yaani malaria.

"Lakini dokta, dawa ya mseto ya malaria nimemaliza juzijuzi tu, Mwanza."

Sikumsikia. Tuseme kweli: nilimsikia. HRP2 hubaki kwenye damu hata wiki kadhaa baada ya vimelea kufa, kwa hiyo mstari ulisema aliugua malaria, haukusema bado anaumwa. Mtu aliyetoka kumaliza dawa hupimwa kwa darubini. Nilifundishwa chuoni na mtihani nikaufaulu. Darubini ilikuwa mezani, imefunikwa kitambaa, lakini foleni ilikuwa ndefu, na slaidi inataka kukaushwa, kutiwa rangi, kisha mtu akae aichungulie. Nikaandika ana malaria. Tabibu akaiamini karatasi yangu, akampa mseto tena.

Alirudi akihema kwa shida. Hospitalini walikompeleka, slaidi haikuwa na mdudu hata mmoja. Ilikuwa nimonia, na mimi nilikuwa nimeipa muda.

Alipona. Ila siku ile ya kwanza aliniuliza kwa nini dawa ya Mwanza haikumsaidia, nikamjibu pale pale: umeuziwa bandia. Akapiga simu mbele yangu, sauti wazi, akamtukana mama mwenye duka la dawa. "Mwanangu, dawa hiyo hiyo nawapa wajukuu zangu," mama alikuwa akisema. Nikajifanya napanga vichupa.

Alipopita kuaga, alinishukuru sana. Akasema duka lile hatalikanyaga tena, na madereva wote anaowajua kishawaonya.

Nikamtakia safari njema.