Bunduki Ambayo Haikuwa Mali ya Babu

Ndugu yangu anayeishi Leicester, mtoto wa baba mdogo, amepanga safari. Anataka kwenda kwenye maonyesho ya silaha za kale, yale yanayofanyika katika miji ya Uingereza, akanunue bunduki aina ya Lee-Enfield, kama ile aliyobeba babu yetu alipokuwa askari wa KAR (King's African Rifles), jeshi la Waingereza huku Afrika Mashariki. Fedha ameweka, siku ameichagua, na ukuta wa kuitundika ameshauandaa. Kilichobaki ni kujua babu alishika toleo lipi hasa. Lee-Enfield zilitengenezwa Uingereza, India, Australia, Canada na Marekani, na bei hupanda au kushuka kwa kufuata mihuri iliyogongwa kwenye chuma chake. Kazi ya kulitafuta jibu alinipa mimi, kwa kuwa ndiye niliye huku: naishi Jinja, na nyumbani kwetu ni Mbale.

Niliipokea kazi hiyo kwa moyo mmoja. Si jambo dogo kijana aliyezaliwa ng'ambo kutamani kumjua babu ambaye hakumwona. Wengi wa rika lake hawajui hata kwamba wazee wao walipigana Burma.

Nilianza na Jinja, kwa sababu hapa ndipo palipokuwa nyumbani kwa batalioni ya nne ya KAR, ile ya Uganda. Jeshi la KAR liliundwa mwaka 1902, na wenyeji wa Jinja wa umri wangu tumekua tukisikia tarumbeta za kambini bila kujiuliza zilianza lini. Hapa pia kuna makaburi ya vita, yenye mawe yaliyopangwa kwa mistari na nyasi zinazokatwa mara kwa mara. Nilisoma majina polepole. Wapo watu wa kaskazini, wapo wa mashariki, wapo ambao jina ni moja tu, kwa sababu karani aliyewaandikisha hakuhitaji zaidi. Waliongea Kiswahili kambini, kile kifupi cha amri, na ndicho Kiswahili cha kwanza kuingia nyumbani kwetu. Katika Uganda lugha hii imebeba lawama za bunduki kwa miaka mingi, na wapo watu wazima ambao hadi leo wakiisikia usiku hukumbuka mlango ukipigwa kwa kitako. Kwetu ilikuwa lugha ya mzee aliyetuhesabia kuku.

Njia ya askari wale inajulikana. Batalioni ya nne ilikuwa katika brigedi ya 21, ikapelekwa kwanza Ceylon, kisha ikaingia Burma pamoja na divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, iliyokuwa na alama ya kichwa cha kifaru begani. Agosti 1944 walianza kulishuka bonde la Kabaw, masika yakiwa yamepamba moto. Magari yalikwama na malaria ikawaangusha watu. Kila siku walimeza vidonge vya mepakrini vilivyogeuza ngozi kuwa ya manjano. Desemba mwaka huo waliingia Kalewa, kando ya mto Chindwin. Katika safari yote hiyo kila mmoja alikuwa na kitu cha uzito wa kilo nne hivi kisichomtoka mkononi. Kinachukua risasi kumi, zinazoingizwa tano tano. Ndani ya kitako kuna tundu lenye kifuniko, na humo hukaa chupa ndogo ya mafuta na kamba ya kusafishia mtutu. Ndugu yangu aliipenda sana habari ya tundu lile. Alisema akiinunua atatazama humo kwanza.

Toleo lenyewe sikulipata kwenye mawe. Ikabidi niende Mbale, kwa baba mkubwa, ambaye ndiye anayekitunza kitabu cha babu cha kuachiwa jeshini.

Barabara ya Tirinyi iendayo huko, kwa anayejua historia yake, ni barabara ya bunduki. Ukishavuka mto Mpologoma na mashamba yake ya mpunga unafika Budaka, ambako mwanzoni mwa karne iliyopita Semei Kakungulu, jemadari wa Kiganda, alijenga ngome yake alipokuwa akiitiisha nchi hii kwa niaba ya Waingereza. Baadaye alihamia Mbale. Leo anasifiwa kwa mivule iliyopandwa kando ya barabara na kwa jamii ya Kiyahudi ya Abayudaya aliyoianzisha mwaka 1919, na sifa hizo ni zake kweli. Lakini wazee wa Mlima Elgon hawasemi kwamba alikuja na mivule. Wanasema alikuja na bunduki, na wao walikuwa na mikuki. Kabla yake misafara ya wafanyabiashara wa pwani, Waswahili na Waarabu, ilikuwa imeshapita Mumias na kuuzunguka Mlima Elgon kwenda Karamoja kutafuta pembe za ndovu, nayo haikwenda mikono mitupu. Kila silaha iliyofika huku iliwahi kupangiwa safari na mtu fulani, na kila mmoja wao aliamini ana sababu njema.

Baba mkubwa alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza swali ambalo sikulitegemea: "Huyo mdogo wako anataka kununua bunduki ya babu. Babu alikuwa na bunduki?"

Nikasema alikuwa askari.

"Mwanangu, bunduki ilikuwa ya mfalme wa Uingereza. Kila jioni walihesabiwa nazo. Ukipoteza blanketi unakatwa mshahara, ukipoteza bunduki unafungwa. Siku ya kuachiwa aliirudisha kwa karani, karani akaandika, wakaagana. Babu yenu alikuwa akituambia siku ile alitembea akiwa mwepesi mpaka akahisi anaanguka."

Akanitolea kitabu. Kina namba, kina urefu wa babu, kina kovu lililoandikwa kama alama ya kumtambulia, na sifa ya mwenendo kwa neno moja. Toleo la bunduki hakuna. Hakuna aliyeona haja ya kumwandikia askari kitu ambacho si chake.

Nimelifikiria jambo hili tangu siku hiyo. Sisi wajukuu tulipotaka kumkumbuka mzee tulikimbilia kitu alichokabidhiwa na waliomchukua, tukaacha alichokwenda nacho mwenyewe. Babu alikwenda vitani akiwa ameshatahiriwa. Kwetu Bugisu kijana hupitia imbalu, katika miaka inayogawanyika kwa mbili, na ujasiri wake hupimwa kwa kusimama wima mbele ya kisu, watu wakimtazama, bila kupepesa. Hana silaha mkononi. Kisu kiko kwa mwenzake. Mtu aliyelelewa hivyo alikuwa ameshakuwa mwanaume kabla Mwingereza hajampa chochote cha kushika, na nadhani ndiyo maana aliweza kukirudisha bila majonzi.

Kuna jambo la pili, na hili ni zito zaidi kwangu kwa kuwa naishi huku. Kule Leicester bunduki ya mwaka 1943 ni kitu cha kale, sawa na saa ya ukutani. Hapa mashariki mwa Uganda hatujawahi kuona bunduki ikizeeka. Mwaka 1979 askari wa Amin walipoikimbia kambi ya Moroto, ghala la silaha liliachwa wazi, Wakaramojong wakajichukulia, na mifugo ya Sebei, Teso na Bugisu ikalipa gharama kwa miongo mizima. Nyanda za Bunambutye, chini ya mlima, watu walizihama. Serikali ilipoanza kukusanya silaha Desemba 2001 iliwaahidi watakaosalimisha kwa hiari mabati na plau za kukokotwa na maksai. Ikarudia kwa nguvu mwaka 2006, na tena mwaka 2021. Chuma kilichotunzwa kwa mafuta hakijali mwenye nacho ana umri gani, wala kilitengenezewa vita ipi. Ndiyo sababu sheria yetu ya silaha ya mwaka 1970 haimruhusu mtu kukaa na bunduki bila hati, nami naona ni sawa kabisa.

Jirani wa baba mkubwa, mama aliyekimbia Bunambutye na watoto wake, alikuwa amekaa nasi tukizungumza. Hakusema neno lolote kuhusu mpango wa Leicester. Aliuliza tu kama bunduki hiyo inalia.

Swali lake ndilo nililompelekea ndugu yangu kwanza, kabla ya habari za kitabu. Nilimweleza kwamba asinunue inayolia. Huko kwao zinauzwa zilizoharibiwa mitambo kwa makusudi, zikakaguliwa na kupewa hati na ofisi za ukaguzi wa silaha za London au Birmingham, na inapobadili mmiliki, Wizara ya Mambo ya Ndani inapaswa kujulishwa. Aidai hati hiyo na alinganishe namba zake na zile zilizogongwa kwenye chuma, kabla ya kutoa hata senti. Amwulize muuzaji ilipitia mikono ya nani, maana nyingi ziliuzwa kwa mafungu baada ya vita, na muuzaji mwaminifu hujua angalau zilitoka ghala la nchi gani. Asipojibiwa aondoke. Habari za toleo asijisumbue nazo; yoyote itakayopatikana itakuwa mfano wa ile aliyobeba babu, haitakuwa yenyewe, na awaambie watoto wake hivyo hivyo.

Sikumkataza. Ana haki ya kumtafuta babu kwa njia iliyo karibu naye, na kijana aliyeishi mbali na makaburi ya ukoo wake huhitaji kitu cha kushika. Ila baba mkubwa ana sharti lake, na amenituma nilifikishe kama alivyolisema: akiinunua, isitundikwe karibu na picha ya babu. Picha ikae ukuta wake.

Ndugu yangu alinyamaza siku kadhaa. Alipojibu hakuuliza tena kuhusu mihuri. Aliomba nipige picha ule ukurasa wa kovu, akauliza babu alilipata wapi, Burma au nyumbani. Baba mkubwa anasema ni la panga, alipokuwa mtoto akikata matawi ya mibuni na kaka yake, na kwamba jina la kaka huyo ndilo ndugu yangu alilopewa alipozaliwa.