Shamba Upande Huu wa Mlima, Ghala Upande Ule

Wengi wetu tuliujua mzabibu kwa kuusoma kabla ya kuuona. Tulifundishwa habari za Nuhu aliyepanda shamba la mizabibu, na za arusi ya Kana, wala machoni petu hapakuwa na mti wa namna hiyo, ila mnazi na mgomba na mwembe. Tena nabii Hosea aitaja divai ya Lebanoni kuwa kitu chenye sifa. Basi tulipojaliwa kufika Lebanoni tulitaka kuona mambo mawili: mahali zabibu zinapoota, na nyumba ambayo kazi ya divai hutoka mkononi mwa baba ikaingia mkononi mwa mwana. Twawaandikia ninyi wenye watoto, na ninyi walimu, yale tuliyoyaona na yale yanayosimuliwa huko.

Kutoka mji wa Beirut njia yaelekea kaskazini kando ya bahari, hata ghuba ya Jounieh, kisha yaanza kupanda. Huko juu upo mji mdogo uitwao Ghazir, nao waitazama bahari kama mtu aliyekaa barazani. Ndani yake mna ngome ya karne ya 18, jina lake Mzar. Wasomaji wa pwani watalisikia jina hili kama si geni, kwa maana lafanana na neno la Kiarabu la mahali panapozuriwa, nalo ni ndugu wa neno letu ziara. Katika ghala za chini ya ngome ile, mwaka 1930, kijana aitwaye Gaston Hochar, aliyekuwa amekwenda Bordeaux katika Ufaransa na kuiona kazi ya divai huko, alianza kufanya divai yake mwenyewe. Nyumba yake akaiita Château Musar.

Lakini zabibu zenyewe hazioti Ghazir. Zaota katika bonde la Bekaa, ng'ambo ya mlima. Mgeni hushangaa: kwa nini mtu aweke shamba upande huu na ghala upande ule? Wenyewe husema kwamba katika miaka ile mipaka ya nchi ilikuwa bado michanga. Wafaransa walikuwa wameitangaza nchi ya Lebanoni Kuu mwaka 1920 tu, na Gaston hakuwa na hakika kwamba Bekaa itabaki ndani yake. Basi akaiweka ghala mahali alipojua kwamba hapatatengwa na nyumbani kwake. Ilikuwa busara ya baba mwenye kuangalia mbele. Hakujua kwamba siku moja hatari haitakuwa katika mpaka, bali katika njia.

Njia hiyo tuliipita sisi nasi. Yapanda mlima hata kufika juu penye baridi, kiasi cha mita 1,500 juu ya bahari, kisha yashuka bondeni. Bekaa ni bonde pana katikati ya safu mbili za milima, na ardhi yake i juu ya bahari kiasi cha mita 1,000. Mchana jua ni kali. Usiku baridi yashuka. Hivyo zabibu huiva polepole. Ufundi huu ni wa kale sana huko. Katika mji wa Baalbek lasimama hekalu la Bacchus, mungu wa divai wa Warumi, lililojengwa katika karne ya 2, na katika mawe yake imechongwa mizabibu. Nako Ksara, mwaka 1857, mapadre Wajesuiti walianza shamba la mizabibu, wakalitunza zaidi ya miaka 100, hata likauzwa mwaka 1973.

Sasa tueleze kazi yenyewe. Zabibu huchumwa kwa mkono, zikapakiwa katika malori na kuvushwa mlima. Kwa divai nyekundu ya nyumba ile hutumiwa zabibu za aina tatu, yaani Cabernet Sauvignon, Carignan na Cinsault, na kila aina huchachuliwa peke yake katika birika la saruji. Hawatii chachu ya dukani. Chachu iliyo juu ya zabibu zenyewe yatosha. Baadaye divai hukaa mwaka mmoja katika mapipa ya mti wa mwaloni kutoka Ufaransa, kisha aina zile tatu huchanganywa. Mwaka wa tatu hutiwa chupani, na chupa hulazwa gizani. Haziuzwi hata umetimia mwaka wa saba. Kwa divai nyeupe wanazo zabibu za asili ya nchi yao, ziitwazo Obaideh na Merwah. Hapo tuliikumbuka mithali yetu, Subira yavuta heri. Ila subira hii ya miaka saba yataka mtu aamini kwamba mwaka wa saba nyumba yake itakuwa ingali ikisimama.

Mwaka 1959 kazi ilishikwa na Serge, mwana wa Gaston, aliyejifunza elimu ya divai Bordeaux. Yasimuliwa kwamba alimwambia baba yake kuwa ataishika kwa sharti moja: aachiwe aifanye kwa namna yake mwenyewe. Tafakarini, enyi akina baba. Mtu aliyeanza kazi kwa mikono yake, naye angali na nguvu, aambiwa na mwanawe asimame kando. Gaston alikubali. Mwaka 1962 Ronald, ndugu yake Serge, akaingia kusimamia fedha na biashara. Serge alitafuta miaka 18, akijaribu na kujaribu tena, hata mwaka 1977 akaridhika na mchanganyiko wake.

Lakini hapo vita vilikuwa vimekwisha anza. Kuanzia mwaka 1975 hata mwaka 1990 watu wa Lebanoni walipigana wao kwa wao, na ile njia ya mlimani ikawa njia ya mizinga. Mwaka 1976 hapakuwa na umeme wala njia ya kupita; hata chupa moja haikufanywa. Mwaka 1984 zabibu zilichumwa, malori yakaondoka, yakazuiwa, yakazunguka kwa njia ndefu siku kadha wa kadha. Zilipofika Ghazir zilikuwa zimeanza kuchacha njiani. Divai ya mwaka ule haikupelekwa sokoni kwa desturi ya miaka mingine. Lakini Serge hakuihama nchi yake, na kila msimu ulipofika wachumaji waliingia shambani. Kabla ya vita divai yao iliuzwa zaidi nchini mwao. Soko lile lilipovunjika waliipeleka Uingereza, na katika maonyesho ya divai ya Bristol, mwaka 1979, ikapata sifa iliyoenea mbali.

Serge alifariki siku ya mwisho ya mwaka 2014, akiogelea baharini huko Mexico. Divai aliyoifanya miaka ya mwisho ilikuwa ingali imelala gizani Ghazir, ikingoja mwaka wake wa saba, na wanawe Gaston na Marc pamoja na jamaa zao ndio walioitoa. Mwaka 2024 vita vilirudi tena Bekaa, na watu wa bonde lile wakajua tena maana ya kungoja njia ifunguke.

Hatukuyaandika haya ili kuusifu ulevi. Kila nyumba yajua machozi yake, nasi hatumshauri mtu kunywa. Tumeyaandika kwa sababu sisi nasi tuna mashamba, tuna ufundi, tuna shule tulizoanza kwa mikono yetu. Gaston mzee aliwaachia wanawe ghala iliyo mbali na shamba, na njia ngumu katikati, wala hakuweza kuwaondolea njia ile. Aliloweza ni kuwapa kazi yenyewe mapema, angali hai, nao wakaijua kuwa yao. Mtu huvumilia mengi kwa ajili ya kitu kilicho chake. Kwa kitu cha baba yake tu, huenda angekiacha njiani.