Fungua Kinywa Uangalie

Leo tuko Mambo ya Walawi 13, ile sura ambayo wengi huiruka wakisoma Biblia kwa mwaka. Mtu akitokewa na doa kwenye ngozi, alipelekwa kwa kuhani. Kuhani hakuanza kwa kukemea. Aliangalia: rangi yake, kina chake, kama limeenea. Akiwa na shaka alimtenga mtu siku 7, akaangalia tena, halafu siku 7 nyingine. Jumla 14.

Zishike hizo 14. Kidonda cha kawaida mdomoni, cha kujiuma au kuungua na chai, kwa kawaida hupona ndani ya wiki 2. Kisipopona, daktari akione.

Mwaka jana, baada ya ibada ya saa saba hapa mjini, ndugu mmoja wa Kawangware alinijia (ameniruhusu nisimulie). "Pasta, niombee jino." Nikamwambia afungue kinywa, nikamulika na tochi ya simu. Jino lilikuwa zima. Pembeni mwa ulimi palikuwa na kidonda kama punje ya mahindi, kingo zimeinuka.

"Kiko hapo tangu lini?"

"Tangu Pasaka, pasta. Lakini hakiumi."

Tulikuwa Agosti.

Hakiumi! Hapo ndipo wengi hunaswa. Saratani ya mdomo ikianza mara nyingi haina uchungu. Yaweza kuwa doa jeupe au jekundu lisilotoka ukipangusa, uvimbe mgumu shavuni au chini ya ulimi, ganzi, jino linalolegea bila sababu, tezi shingoni lisiloshuka, shida ya kumeza. Mara nyingi utaambiwa ni kitu kidogo tu, lakini aseme daktari, si mimi wala jirani yako.

Nilimwombea, kisha tukapanda matatu ya 46 hadi Hurlingham, kwa shule ya meno ya Chuo Kikuu cha Nairobi, Barabara ya Argwings Kodhek. Alikatwa kipande kidogo cha nyama kikapelekwa maabara. Ilikuwa saratani, bado changa. Amefanyiwa upasuaji. Herufi "s" inamteleza, lakini kwaya hajaacha.

Kilichomchelewesha si pesa. Alikuwa akitia ugoro chini ya mdomo kwa siri. Aliogopa daktari atauliza, mke atajua, kanisa litajua. Sasa sikia: juu ya tumbaku nitaendelea kuhubiri. Sigara, ugoro, kuber, ndizo zinazoharibu vinywa, na pombe ikiongezwa hatari huzidi. Lakini mwenye kidonda hahitaji kutubu kwanza ndipo aende hospitali. Aende na ugoro wake mfukoni. Toba itamkuta kwenye foleni. Nanyi msiowahi kugusa tumbaku, msijihesabie haki. Huwapata hata watu kama ninyi.

Kesho ukipiga mswaki, simama penye mwanga. Vuta midomo, inua ulimi, uupeleke kushoto na kulia, pitisha kidole kilichonawa. Wazee wenye meno bandia, yatoeni kwanza. Ukiona kitu, andika tarehe.

Anayeogopa kwenda peke yake, Jumatano baada ya ibada nitakuwa mlangoni. Nauli tutaelewana.